Nusu Lita

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi
napanda kilima cha Bugando kwenda kuazima figo.
Sista Mbuke hunipima uzito kwanza,
kama gunia la pamba mbele ya karani,
kisha anauliza: "Umekunywa kiasi gani, Mzee Lushinge?"
Nusu lita, nasema.
Anatazama mizani. Mizani haina adabu.

Dirishani ziwa zima limelala,
na mimi nimepewa nusu lita kwa siku,
pamoja na chai, pamoja na mchuzi.

Miaka thelathini na moja nilikuwa mpima ardhi.
Nilisimika bikoni Nyegezi, Buswelu, Luchelele;
ndugu wa tumbo moja waliacha kuzikana
kwa hatua mbili nilizoziandika mimi.
Hapa chako, hapa chake. Nilikuwa na muhuri.
Mwaka ule ziwa lilipofura
lilimeza bikoni kumi na nne, halikukata rufaa,
nami nikalia kama mtu aliyefutwa jina.

Sasa damu yangu inatoka kwa mrija,
inazunguka mashine, inarudi imepoa kidogo.
Ikiwa kule, ni ya nani?
Mpaka upite kwenye ngozi, au kwenye mrija?
Nimebisha hodi kote humu ndani.
Nimekuta kikohozi, jina la babu,
harufu ya sato wa kuchoma, hasira ya pensheni:
wapangaji watupu.
Mwenye nyumba hajulikani.

Juzi visubi waliinuka kutoka majini,
nguzo nyeusi ikitembea kuelekea Saanane.
Naapa ilikuwa na mabega.
Upepo ukapiga.
Hakuanguka mtu.

Masalu, kijana wa kitanda cha pili, msomaji,
aliniambia Budha alifundisha kuwa mateso yana mzizi,
na mzizi huo aliuita kiu.
Nikacheka mpaka mashine ikapiga kelele.
Kiu! Mwambie aje hapa saa nane mchana.

Lakini usiku ule, ulimi umekauka kama gome,
sikusema "nina kiu".
Nilisema tu: kiu ipo.
Ikapanda. Ikakaa. Sikuisimikia bikoni.
Ikashuka yenyewe kabla ya adhana,
na kwa muda mfupi hapakuwa na mgonjwa kitandani,
palikuwa na pumzi na mbwa wa jirani.

Asubuhi nikalamba barafu kwa wizi.
Mizani ikanisema.