Mshono

Wenzangu huangalia nani kaanguka.
Mimi naangalia nani kavaa nini.

Jumamosi baada ya isha, Machomanne, kwa Bi Mkasi,
runinga juu ya kabati la vyombo,
watoto wamejaa hadi kizingitini,
viatu vyao nje vimechanganyika kama vya msikitini.
Taa za ukumbi wa mbali zinazimwa,
moshi unafuka kama chetezo kimetiwa udi mwingi,
na lile jitu la mieleka linateremka ngazi taratibu.
Halina haraka. Linajua limevaa.

Joho lake!
Zambarau iliyoiva hata ikakaribia weusi,
kola ya manyoya, ya mnyama gani sijui,
puluki toka begani hadi kisiginoni,
moja moja, kwa mkono, mtanambia nini,
gundi haimeti hivyo.
"Huyu leo anapigwa," anasema Faki.
"Nyamaza," namwambia, "nahesabu pindo."

Miaka ishirini na sita nashona kofia.
Kijicho kimoja nakizungushia uzi
mpaka kidole kinakufa ganzi,
na mvaaji hata hakioni. Atasema tu: imenikaa.
Ndiyo maana buti zile hunitoa usingizini:
nyeupe, zinapanda mpaka chini ya goti,
kamba zimepita tundu kwa tundu, kumi na nne kila upande,
na kila tundu limevishwa shaba.
Mtu anakwenda kubwagwa
na viatu vya bibi harusi!
Joho likishavuliwa, kijana mmoja hulipokea kambani.
Wote wanatazama ngumi.
Mimi namtazama yeye, analikunja vipi.
Analikunja vibaya.

Sasa, mfungo ulipofika kumi la mwisho,
Vuai wa ghala la karafuu aliinamisha kichwa akaingia dukani.
"Bi Mize, Idi mosi tuna mieleka Tibirinzi.
Nataka nguo."
"Nguo gani?"
Akaona haya. Akanipa simu yake, kioo kimepasuka,
na ndani ya ufa: joho la zambarau.

Nilimpima juu ya kikoi, uso nimeugeuza.
Paja lake moja, kiuno changu.
Mama yake akatuma salamu:
stara ipite goti, Mize, tusije tukasemwa hadi Konde.
Ikapita goti.
Kitambaa chekundu cha kuvutika, cha kuagiza Unguja;
ubavuni zari iliyobaki kwa bwana harusi wa Wawi;
mkanda wa boksi la sabuni, juu yake bati la kopo la maziwa,
nikaligonga misumari kama sanduku la bibi yangu.
Joho, lilikuwa pazia langu la chumbani. Basi.
Na ndani ya kiuno, upande wa mwili,
nikatoboa vijicho saba vya kofia.
Usiniulize kwa nini.

Alipotokea, hata wauza maputo walinyamaza.
Mtoto mmoja akasahau barafu yake, ikamtiririkia kiwikoni.
Vuai alitembea kama yule,
bila haraka,
jua la saa kumi likamvamia kwenye zari
na mimi, nyuma ya akina mama, nikalia kidogo.

Halafu kijana wa Wete, mwembamba, kaptula ya mpira,
akamnyanyua, akampindua, akambwaga.
Hata juzuu hujafungua, imeshakwisha.
Nilisimama.
Mgongo una Mungu wake.
Mimi nilihofia mshono wa katikati.

Haukuachia.

Usiku alizirejesha, eti ni za kuazima,
zimefuliwa, zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi,
mdomo umemvimba, jicho moja halifunguki.
"Zimenikaa," akasema.
Akasimama pale mlangoni, haondoki,
mpaka nikawasha taa ya cherahani.
"Na buti," akasema, "buti zinakwenda kiasi gani?"