Ongeza au Punguza

Nyuma ya shamba la kakao la mama, hapa Bubandi,
mlima umekatwa wima, kama kwa panga.
Ndani ya ufa, upana wa kidole,
kuna chokaa iliyoganda, nyeupe.
Nailowesha kwa mate, naisugua kwa pindo la kitenge:
mistari inajitokeza, mitano.

Ardhi iliporuka, ufa ulipanuka.
Maji ya moto, ndugu wa yale ya Sempaya,
yakapanda na chokaa tumboni,
yakaziba, yakanyamaza.
Kisha ardhi ikaruka tena.
Kovu juu ya kovu.
Humo urani imefungiwa,
inageuka thori, chembe kwa chembe,
haijui Pasaka, haijui usingizi.
Kazi yangu ni kuhesabu
kilichobaki na kilichozaliwa.

Nasi Wakonzo twahesabiwa vivyo hivyo:
Masika, Biira, Kabugho, Mbambu,
halafu mimi, Ithungu, binti wa tano.
Jina lakwambia zamu,
mwaka halikwambii.

Mama anapindua kakao kwenye turubai, amenuna.
Karani wa vitambulisho alimuuliza:
ulizaliwa lini?
Akajibu: tetemeko la sitini na sita
lilinikuta mtu mzima, Baluku mgongoni;
ukuta uliangukia chungu, sisi ukatuacha.
Karani akaandika:
tarehe mosi Januari, hamsini na tano.
Basi mama alimzaa Baluku
akiwa na miaka kumi,
na posho ya wazee isubiri.

Leo majibu ya maabara yameingia kwenye simu.
Namsomea. Utepe wa ndani kabisa:
miaka elfu kumi na moja na mia nne,
ongeza au punguza mia mbili.

Mkono wake unasimama juu ya kakao.
"Rudia hapo mwisho."
Ongeza au punguza mia mbili, mama.
"Mia mbili nzima?"
Nzima.
"Na jiwe wamelikubali?"
Wamelikubali. Wametia na muhuri.

Anacheka mpaka kuku wanatawanyika,
anacheka akijishika kiuno,
anaingia ndani.
Anatoka amevaa viatu vya kanisani.

"Beba jiwe lako," anasema.
"Twende kwa karani."