Fomu ya Manjano

Kadutu, saa moja asubuhi. Mvua ya usiku
imeteremsha udongo mpaka mlangoni petu.
Nimeuvuka kwa ubao, fomu moja kifuani,
manjano kama kiini cha yai,
nimeikunja mara mbili isilowe.

M'Cirhuza yuko kwenye benchi, kitenge hadi puani.
Siku ya nne sasa midomo yake inabanduka
kama rangi ya ukuta mbichi.
Muuza sambaza huyu, ambaye sauti yake huvuka korongo,
leo ananijibu kwa vidole.

Naandika.
Jina: herufi za kwanza tu, ndivyo kanuni inavyotaka.
Umri: tunakubaliana arobaini na moja,
maana alizaliwa mwaka ule daraja lilipokwenda na maji.
Uzito: mizani yetu imekufa tangu Februari.
Naweka hamsini na mbili kwa kumwangalia,
na kando yake alama ya kuuliza,
kwa kuwa uongo mdogo kwenye karatasi hii
nao una madhara yake.

Jina la dawa?
Mama mkwe anamjibia: ile nyeupe.
Zote ni nyeupe, mama.
M'Cirhuza anafungua pindo la kitenge. Vidonge vitatu
ndani ya ukurasa wa daftari la hesabu,
saba mara nane, hamsini na sita,
wino umechafua kimoja.
Kiwanda: hakuna.
Namba ya loti: hakuna.
Tarehe ya kuisha: mtoto wa daftari hakufika huko.

Dawa nyingine, pamoja na mizizi na majani?
Mama mkwe anautazama udongo.
Mubirizi, anasema mwishowe. Glasi mbili.
Lakini mubirizi nimeunywa mimi miaka sitini,
na ngozi yangu hii hapa, ishike.
Naandika: mubirizi. Simshtaki mtu.
Fomu haiulizi nani mkosaji,
inauliza nini kilitangulia nini.

Itashuka hadi zoni ya afya, itapanda hadi mkoani,
na siku ndege ikipata nafasi itafika Kinshasa,
mezani pa mtu asiyewahi kuteleza kwenye tope hili,
naye ataiweka juu ya nyingine, ahesabu.
Tulifundishwa hivyo, semina ya siku mbili, chai na mandazi:
upele wa mtu mmoja ni bahati mbaya,
upele wa kumi wasiojuana ni ushahidi.
Haba na haba hujaza kibaba, alisema mwalimu.
Nabagunda, wa chumba cha meno, akauliza kibaba kiko wapi.
Tulicheka. Yeye hakucheka.

Nimetuma sita. Limerudi jibu moja: asante, na namba.

Mwisho kabisa, maelezo mengine: mistari miwili.
M'Cirhuza ananinyang'anya biki.
Anaandika kwa herufi kubwa, polepole,
SIWEZI KUITA WATEJA,
mpaka maneno yanaingia kwenye kisanduku
cha matumizi ya ofisi tu.
Nayaacha hapo hapo. Ofisi iyatumie.

Saa tano niko kwa Bisimwa, kwenye kiduka chake cha dawa.
Si ugomvi, namwambia, nataka kopo tu.
Kopo alilitoa jana. Plastiki nzuri, haitupwi.
Nateremka ngazi za mawe hadi kwenye robine,
na kwenye foleni ya madumu namwona msichana
anateka kwa kopo jeupe lenye kifuniko cha buluu.
Naomba kuliona. Ananipa, haniamini, mkono mmoja bado umeshika.

Karatasi ya kopo imeoshwa nusu.
Herufi mbili. Tarakimu tatu. Kisha weupe.
Naandika hizo tano, na nukta kwa zile zisizoonekana,
magoti yangu ndiyo meza,
na msichana ananihimiza: haraka, baba,
maji yanakatika saa sita.