Namba Arobaini na Moja

Saa kumi na moja alfajiri, Friesland. Barafu imeng'ang'ania vioo.
Baba anavaa mabuti
ingawa zizini hakuna anayemngoja:
mkono wa chuma umekamua usiku kucha
bila kikohozi, bila kahawa, bila kulaani baridi.

Tangu Wiebren atie sahihi kule benki
maneno ya mezani yameota miiba.
"Mashine haichoki, baba. Mgongo wako umechoka."
"Mgongo huu ndio uliokusomesha."
Mama anakata jibini, nyembamba, nyembamba zaidi,
mpaka kisu kinaonekana upande wa pili.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Hapa kinachogombewa ni hilo jembe.

Mimi nimekuja kwa siku mbili tu.
Kaka ananionyesha skrini: kila ng'ombe ni mstari,
joto, hatua, lita.
Mstari wa Klaske ulipinda juzi. Homa ya kiwele,
kabla jicho la baba halijagundua lolote.
Baba alikwenda, akapapasa, akarudi kimya.
Hilo lilimchoma kuliko deni.

Ila yupo Antje, namba arobaini na moja.
Haingii. Anasimama mlangoni pa mashine,
anainusa, anageuka,
mara tisa kwa siku,
na mara tisa skrini inamwandika kwa wino mwekundu.
"Auzwe," alisema Wiebren, akitafuna.
Baba akaweka uma chini.
"Asiyeweza mashine hupelekwa wapi?"

Hakuwa akiuliza habari za ng'ombe.
Hata mama aliacha kukata.

Leo, kabla ya treni, nimepita zizini.
Baba amekaa kwenye kigoda cha marehemu babu,
paji la uso limeegemea ubavu wa Antje,
maziwa yanagonga ndoo, cha, cha, cha,
na nyuma yake roboti inavuma peke yake.
Ukutani kuna karatasi, penseli imefungwa kwa uzi.
Mwandiko wa baba, herufi kama vigingi:
41, lita saba.
41, lita sita na nusu, ameniparamia mguu.

Nikafungua skrini ya Wiebren.
Mstari wa Antje si mwekundu tena.
Kila usiku, saa nne na kitu,
kuna mtu amekuwa akiziingiza zile lita, moja moja,
hata ile nusu.

Mguu hakuuandika.
Deni lingali miaka kumi na minne.