Njiti

Tarehe ishirini na nne Mei
kaka yangu Leovigildo alikwisha ng'oa mabati.
Alihesabu kwa vidole: msimu hufunguliwa tarehe mosi Juni,
siku saba zinatosha kuezeka upya nyumba ya mama.
Kalenda ya jikoni haikumpinga.

Lakini mbele ya pwani ya Hondurasi
bahari ilikuwa imepata moto mapema,
vuguvugu la maji ya kuogeshea mtoto,
na juu yake mawingu yalikusanyika usiku,
yakatawanyika asubuhi, yakarudi pale pale
kama watu wenye neno ambalo hakuna anayetaka kulianza.
Kanieneo ya hewa ikashuka kidogo. Ikashuka tena.
Siku ya tatu upepo ukajua pa kuzungukia.

Mama alikuwa mkunga kule Guane miaka thelathini na minne.
Nilimpigia simu kutoka Florida nikamsomea taarifa:
ni dhoruba tu, haijawa kimbunga,
kitovu chake kitapita mbali, magharibi,
katikati ya Kuba na Yucatán,
hata jina wamempa kwa kumhurumia.
Alicheka.
"Njiti huyo. Wa miezi saba. Nimewapokea wengi.
Sauti hana, lakini kulala hulali."

Na kweli alizaliwa vibaya.
Pepo za juu zilimsukumia mawingu yote mashariki,
kitovu kikabaki uchi juani,
ukungu mwembamba unaojizungusha,
kitu cha kudharauliwa kwenye picha ya setilaiti.
Sote tulikodolea macho kitovu.
Mvua haikuwa huko.
Mvua ilikuwa juu ya kitanda cha mama.

Saa thelathini na moja, bila kupumua.
Leovigildo alitandaza turubai la lori la tumbaku,
akalikaza kwa kamba, akalipangia matofali pembeni.
Likashika maji. Likaota tumbo.
Saa nane za usiku likaachia, lote kwa mkupuo,
na mama, gizani, miguu majini:
"Chupa imepasuka."
Hata yeye, baadaye, alisema hakukusudia mzaha.

Mto Cuyaguateje ulichukua daraja la miguu
na nguruwe wanne wa jirani, Nieves.
Mafungu ya tumbaku yaliota ukungu kabla ya kuuzwa.
Bwawa, lililokuwa na nyufa tangu Februari,
likajaa mpaka ukingoni, kwa hiyo
wapo waliomshukuru Mungu, na wana haki yao.

Sisi tulipoteza redio, godoro,
na daftari lilikuwa karibu lipotee:
kila mtoto aliyempokea, jina, uzito, saa,
wino wa bluu, kurasa mia na ushee,
zikawa kama mishipa mkononi mwa mzee.

Kisha njiti akashika njia ya kaskazini, mbio,
kama aliyesikia anaitwa.
Siku mbili baadaye nilikuwa Apalachicola,
nakunja mashuka ya hoteli,
umeme ukakatika, bahari ikapanda barabarani
ikasimama kwenye mlango wa nguo chafu kama mteja.
Nilitoa mkono dirishani.
Miaka kumi na moja sijagusa chochote kilichotoka kwetu
bila kupita kwa afisa.
Yalikuwa maji tu. Nikayanusa hata hivyo.

Simu iliposhika, mama hakuniuliza hali.
Kurasa ameziangika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo,
anakimbizana na wino.
"Chukua kalamu," akasema. "Andika.
Yoandri, kilo tatu na robo, alfajiri.
Mireisy, kilo mbili na nusu, matako mbele.
Huyu hasomeki. Huyu alifariki, mwandike.
Osniel, njiti, kilo moja na gramu mia tisa,
sasa ndiye fundi anayekuja kesho na mabati."

Niliandika kwa mshumaa, nyuma ya risiti za dobi.
Tulifika jina la mia mbili na kumi na mbili
simu ikakatika.
Nje, mbwa, ukimya, vyura.
Saa sita ya usiku ilipita.
Tarehe mosi Juni:
msimu ukafunguliwa.