Jino la Nyuma, Kushoto

Lilizibwa enzi za ugali wa yanga,
hospitali ya misheni, Mbalizi,
na mganga mwenye vidole vya baridi kama alfajiri ya Juni.
Alisaga kitu kibakulini, kikalia kwi, kwi,
akanishindilia. "Uma. Uma tena.
Upande huu usile hadi kesho."
Sikuuliza ni nini. Nani aliuliza?
Nikatoka na kipande cha mwezi mdomoni,
nikakichekea kioo cha duka.

Miaka arobaini kimetafuna nami
viazi vya Uyole, makande, mbavu za mbuzi msibani,
na maneno niliyoyameza mbele ya mama mkwe.

Juzi Tusekile karudi likizo na elimu yake ya chuo:
"Mama, hebu fungua. Hiyo nusu yake zebaki."

Zebaki.
Mimi neno hilo nalijua kwa sura ya kaka yangu.
Ambakisye, Makongolosi, karai la kukaangia,
zebaki ikikusanya vumbi la dhahabu
kama tetea akusanyavyo vifaranga,
kisha moto, kisha moshi usio na harufu,
naye kauinamia kama mtu anayeonja mchuzi.
Leo chai humfikia nusu kikombe;
nusu nyingine mkono wake unaumwagia mkeka.

Nikaenda Mwanjelwa kwa daktari, kijana, ana barakoa na taa.
Akagonga: ti, ti.
"Imekaa vizuri, mama. Kuichimba ndiko kutakakoamsha mvuke.
Ikivunjika, njoo. Siku hizi tunaziba kwa nyeupe."
"Na ikilala hivi hivi?"
"Inavuja kidogo sana."
"Kidogo sana ndiyo kiasi gani?"
Akaigeuza taa ukutani.
"Kiasi tusichokihofia."
Tusichokihofia.
Wengi hao, na jino moja, langu.

Nikapita kwa Ambakisye na maparachichi yaliyoiva,
ya kulishwa bila kisu.
Nilitaka kumsimulia hofu yangu ndogo, yenye ukubwa wa punje ya mtama.
Mkono wake ukalitafuta goti, ukalikosa.
Nikaona haya.
"Una nini shavuni?" akauliza.
"Ulimi tu."

Usiku ukungu wa Loleza umeshuka hadi dirishani.
Ulimi unakwenda wenyewe, kushoto, nyuma kabisa,
unapapasa kile kifuniko laini, baridi,
kama mlinzi aliyepewa lindo na mtu aliyekwisha kufa,
asijue
aliyemo ndani ni mali au ni mwizi.