Machicha

Khavere alizifunga ndani ya soksi za sufu,
chupa tatu za grapa, kutoka Udine hadi Buruburu,
na hakuna hata moja iliyovuja.
Tumefuta meza. Glasi hazilingani:
mbili za harusi yangu, moja ya haradali
iliyobanduliwa lebo zamani.
Nyuma ya bili ya maji nimechora safu nne:
rangi, harufu, ulimi, koo.
Nilifanya kazi maabara miaka ishirini na sita;
siwezi kuonja bila kuandika.

Ya kwanza nyeupe, kama haina kitu.
Harufu: nyasi mbichi, na rangi ya kucha.
Ulimi: wembe.
Koo: inaingia bila hodi.
"Sita," nasema. Mdogo wangu anasema nane,
kwa kuwa anamjua aliyeipika.

Ya pili imelala miaka ndani ya pipa,
imeamka na rangi ya strungi.
Inanukia vanila na sanduku la nguo za mgeni.
Tamu. Tamu mno.
Nimeandika: imefundishwa adabu.

Ya tatu nimeipeleka puani mara tatu kabla ya kuthubutu.
Asmini. Ganda la chungwa
likikauka pembeni mwa jiko.
Hapo sikuandika kitu.

"Unajua inatokana na nini?" Khavere anauliza.
"Divai wameshakunywa wenyewe. Hii ni ya kilichobaki:
maganda, mbegu, vikonyo.
Machicha."

Machicha!
Sisi tuliyakanyaga pekupeku,
Mathare, ukingoni mwa mto, usiku,
machicha ya busaa, chungu juu ya chungu,
bomba la shaba likipita kwenye maji baridi,
na Mama akimwaga kikombe cha kwanza chini.
Si cha mizimu, alisema. Ni sumu.
Kichwa cha chang'aa hupofusha watu.
Kisha kijiko, kiberiti:
moto wa samawati, uza;
moto wa njano, rudisha.
Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Mama hakusifiwa na mtu. Hakutia maji.
Polisi walichoma ardhi kwa vyuma wakitafuta mitungi,
akalala Lang'ata miezi miwili,
na karo yangu ikalipwa kwa noti zilizonuka wimbi.

Khavere anasema mzee anayemwogesha kule,
anayemkata kucha na kumgeuza ubavu,
alirithi mtambo wa baba yake.
Una cheti ukutani, ndani ya fremu,
na wageni hupiga picha nao.
Anasema bila hasira. Anajimiminia tena ile ya pili;
yeye anapenda tamu, siku zote alipenda tamu.

Stima ikakatika.
Niliinuka kutafuta mshumaa, mkono ukapata kiberiti kwanza.
Tukachukua vijiko vitatu.
Samawati. Samawati.
Ya tatu ilikataa, nikapasha kijiko, ikakubali:
samawati, na pua ya Mama
katikati ya uso wa Khavere.

Mstari wa nne nimeuongeza gizani, kwa kupapasa,
sijui kama umenyooka.
Mama, Mathare, sabini na nane.
Rangi: maji.
Harufu: moshi, wimbi, mto.
Ulimi: hatukuruhusiwa.
Koo:

"Andika basi," Khavere anasema,
na glasi ya haradali inagonga meza,
tupu.